Barua Kutoka Kiti cha Kinyonga

Dada Rehema,

Shikamoo. Ulinizidi miaka mitatu, na shikamoo yako sikuwahi kukunyima hata siku ambazo roho ilikuwa inaniuma, kwa hiyo ipokee kwanza. Halafu ukae vizuri, maana sikuandikii kukulilia. Nimeshakulilia ya kutosha. Nakuandikia kukuambia jambo nililokufanyia ukiwa umeshazikwa, na kwamba nililifanya kwa wivu.

Naiacha barua hii wazi, mwenye macho aisome, kwa sababu hapa Soni kuna watu wanaijua nusu ya habari na wanaisimulia kama wanaijua yote. Bora waisikie kwangu.

Unakumbuka chombo kilivyoanza? Kiwanda cha mbao alichokuwa anafanya kazi Baba kilipofungwa, wenzake waliomba mbao na mabati wakaezekee nyumba. Baba akaomba shafti, ule mhimili wa chuma uliokuwa unazungusha msumeno mkubwa. Watu walimcheka kutoka msituni mpaka sokoni. Akausimamisha kwenye kile kiwanja juu ya gulio, akaufunga mikono minane ya mabomba, na kila mkono akauning'inizia mnyama aliyemchonga mwenyewe, uso kuelekea mhimili. Farasi hakuchonga. Alisema hajawahi kuona farasi akipanda milima hii, na yeye hachongi asichokijua. Akachonga mbega, hondohondo, jogoo, mbuzi, kondoo, chura, ng'ombe na kinyonga. Mtu mmoja anasukuma mpini akiuzunguka mhimili, na wanyama wanapaa. Watoto wakakiita bembea. Baba alikiita chombo, na sisi nyumbani tukafuata.

Ng'ombe alikuwa wako. Mweupe, baka jeusi jichoni, pembe mbili za kushikia. Hakuna aliyekupa, ulimkalia tu siku ya kwanza na ikawa sheria. Mimi sikuchagua. Kinyonga alikuwa mkabala na ng'ombe, na hakuna mtoto aliyekubali kumpanda. Watoto wa huku wanamwogopa kinyonga wa porini, sembuse huyu wa Baba mwenye jicho moja linalotazama Mombo na lingine Lushoto. Lakini chombo hakizunguki vizuri upande mmoja ukiwa mtupu. Basi kila ulipopanda wewe, Baba alinitafuta kwa macho hata kama nimejificha nyuma ya Mama.

"Naomi, kaa kwa kinyonga, chombo kikae sawa."

Utoto wangu wote nimempanda kinyonga ili wewe usiyumbe. Nilikuwa nakuona ng'ambo ya mhimili, umenyoosha shingo, unacheka, na mimi ni gunia la viazi la upande wa pili. Chombo kikishika kasi ulikuwa unapaza sauti, "Naomi, shika vizuri!" Nilichukia sana kuambiwa hivyo. Nilikuwa nimeshika.

Halafu kuna ile fimbo ya mkahawa, mti wa kahawa, ya kusikilizia. Baba anaweka ncha moja kwenye kikombe cha chuma chini, pale mguu wa shafti unapozungukia, na ncha nyingine sikioni, halafu chombo kinasukumwa kitupu. Siku moja niliomba na mimi nisikilize. Akanipa.

"Unasikia nini?"

"Nasikia kinazunguka."

Akacheka, si kwa ubaya, akaichukua fimbo akakupa wewe. Ulikuwa na miaka tisa. Ulifumba macho mpaka nikadhani umelala, kisha ukasema, "Kinakohoa kikifika kwa mbuzi." Wakaenda kutazama. Nati ya mkono wa mbuzi ilikuwa imelegea. Tangu siku hiyo Baba alikuita sikio langu, mbele ya wageni, mbele ya mchungaji, mbele yangu. Mimi nikapewa spana, na hata kwenye spana sikupona. "Naomi, unakaza mpaka nati inalia," alikuwa ananiambia, kisha anakuja na bomba refu kulegeza nilichokaza. Wewe uliacha nafasi. Ukucha upite, ulikuwa unasema, kana kwamba kila mtu amezaliwa anajua ukucha upite kiasi gani.

Ukaolewa Mnazi, kule chini tambarare. Nilifurahi, na sikufurahi kwa ajili yako peke yako. Nilisema sasa chombo kitabaki na mimi. Na kweli kilibaki na mimi, miezi kumi na moja ya kila mwaka. Nani alikuwa anapaka oili chafu kwenye nguzo za uzio mchwa wasile? Nani alikwangua kutu kwa msasa Julai, ukungu umekaa kiwanjani mpaka saa sita na vidole havikunjiki? Nani alimpaka kinyonga rangi ya kijani kila mwaka, mnyama ambaye hakuna anayempanda? Halafu Desemba unapanda wewe kutoka Mnazi na kapu la embe, watu wanakuona stendi, habari inakimbia mpaka gulioni: Rehema kaja, bembea itafunguliwa. Unasikiliza kwa fimbo, unagusa nati mbili tatu, Baba anaitikia kwa kichwa, na kazi imekuwa yako.

Sheria ya Baba unaijua. Mizunguko mitatu chombo kitupu, kisha fundi apande mizunguko mitatu, ndipo watoto waguse. "Ukiogopa kupanda, usimpandishe mtoto wa mwenzio." Na fundi ulikuwa wewe. Ulimpanda ng'ombe mbele ya soko zima, watu wa kanisani na watu wa msikitini wamejipanga kwenye uzio, na mimi natafutwa kwa macho nikakae kwa kinyonga. Mwanamke mzima, nina karoti zangu na kabichi zangu gulioni, watu wananijua, natafutwa kama jiwe la mizani.

Sikukwambia haya ulipokuwa hai. Ungecheka, ungenikumbatia, na ningekuchukia zaidi.

Ile bushi, kile kipande cha mti ulichomvalisha shafti mguuni, ndiyo ilinimaliza. Mguu wa shafti ulipolika Baba alikata tamaa, akasema chombo kimezeeka, tukiache. Wewe ukaenda jikoni kwa Mama, ukachukua kinu chake kilichopasuka, ukakitenga vipande viwili. Kimoja Mama akakigeuza kiti cha kukalia mekoni. Kingine ulikichonga duara, ukatoboa tundu katikati, ukakichemsha kwenye grisi siku nzima, ukakisokomeza ndani ya kikombe cha chuma mguu wa shafti ukae humo. Nilikuuliza kwa nini usiweke beringi kama watu wengine.

"Shafti imelika upande mmoja," ulisema. "Ukiipa chuma, vitagombana. Ipe mti, utajifanyia nafasi wenyewe."

Nilikusikia. Nataka ujue kwamba nilikusikia vizuri kabisa.

Chombo kilizunguka bila kelele miaka mingi. Kisha masikio ya Baba yakaanza kuondoka, kidogo kidogo, mpaka tukawa tunamwandikia kwa chaki kwenye mlango wa stoo. Halafu ile homa ikakuchukua, wiki mbili tu, na tukakuzika Mnazi juani. Nilikuwa nimemshika Baba mkono asianguke. Watu walipomwomba aseme neno, alisema, "Leo nimezika sikio langu." Nilikuwa nimemshika mkono, dada. Mkono huu huu uliopaka oili nguzo zake. Hata siku ya mazishi yako nilikuonea wivu, na nikijitazama hivyo nilijiona mchawi.

Sasa sikia nililolifanya.

Matanga yalipokwisha nilikaa miezi mitatu. Siku Baba amelala na mafua, niliinua shafti kwa jeki nikaitoa bushi yako. Haikuwa na kasoro. Ilikuwa nyeusi, inang'aa, na kwa pembeni alama za kisu chako zilikuwa bado zinaonekana. Nikaenda kwa Salimu, fundi wa kuchomelea, nikiwa na beringi ya lori mkononi. Salimu ni mtu mwangalifu. Alizungusha vidole kwenye mguu wa shafti akaniambia, "Dada Naomi, hii haiko mviringo." Nikamwambia kazi yake ni kuchomelea, achomelee. Nilitaka kiwe chombo kisicho na mkono wako hata mahali pamoja. Nilitaka Krismasi ile nipande mimi kwanza.

Bushi niliichoma. Niliitia mekoni chini ya sufuria ya makande, ikawaka kwa moto mzuri sana, moshi wake unanuka grisi. Mama alionja akasukuma sahani, akauliza makande haya yana nini, nikasema labda ni kuni. Baba alikula sahani yote, akafuta mdomo.

Unajua kilichofuata, hata huko uliko nadhani ulikisikia. Krismasi ile, mzunguko wa pili wa chombo kitupu, beringi ikaanza kugonga. Soko zima walisikia isipokuwa Baba. Lakini macho anayo. Aliona ng'ombe anatikisa kichwa, akainua mkono tusimamishe. Akaleta mnyororo na kufuli, akakifunga chombo, ufunguo akauvaa shingoni.

"Aliyekuwa na sikio amekufa," alisema. "Chombo kimekwisha."

Watoto walikuwa kwenye uzio na nguo zao mpya. Walikaa mpaka mchana, wakidhani tunatania. Idi wakaja tena na nguo mpya, wakakuta mnyororo. Pasaka ikapita. Mwaka huu vuli ilipoanza akaja mtu wa chuma chakavu kutoka chini, akauzunguka mhimili, akaugonga kwa kokoto, akaandika kwenye mlango wa stoo kwamba Januari analeta gari. Baba alisoma akaitikia kwa kichwa. Alifuta chaki kwa kiganja, akaenda kulala saa nne ya asubuhi.

Wanasema mwiba wa kujichoma hauambiwi pole, na mimi pole sikuitafuta. Nilichoona ni kwamba nimekuua mara ya pili na sasa namuua Baba, na yote kwa sababu sikupandishwa ng'ombe. Nilikwenda mekoni. Mama alikuwa amekalia nusu yake ya kinu, anachambua maharage.

"Mama, naomba hicho unachokalia."

Hakuuliza cha nini. Alisimama akakisukuma kwa mguu kuelekea kwangu.

"Utakalia nini?"

"Nitasimama," alisema. "Chonga."

Kipande kilikuwa kimoja. Ningekosea, kinu kingine cha miaka arobaini sikipati. Nilichongea nyuma ya nyumba, gogo katikati ya magoti, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba Baba hasikii nyundo. Siku ya tatu nilijikata kidole cha shahada. Siku ya tano nililia kwa hasira, kwa sababu wewe ulimaliza kwa siku mbili huku unapiga soga. Nilipofika kwenye tundu nilijaribu kuacha ile nafasi ya ukucha. Sikuweza. Kila nilipotaka kukwangua zaidi niliona mhimili unacheza, naona watoto wanaanguka, nikaacha. Nikaichemsha kwenye grisi, na safari hii nilitumia sufuria mbovu. Baba alipokwenda Lushoto kwenye kikao cha wazee wa kanisa, Salimu akaja na gesi, akaikata beringi yake mwenyewe bila kunisimanga. Tukainua shafti kwa jeki mbili, tukaiweka bushi, tukakaza. Nilikaza mimi.

Ilibaki ufunguo shingoni kwa Baba. Nilijua nikimwandikia kwamba nimechonga mimi, atafuta chaki aende kulala. Nani ampe Naomi sikio? Basi nikachukua chaki nikaandika kwenye mlango wa stoo: NIMEKUTA BUSHI NYINGINE ALIYOCHONGA REHEMA. NIMEIWEKA.

Niliandika jina lako juu ya kazi yangu. Hakuna kitu kilichowahi kuniuma kama zile herufi sita, hata mazishi, Mungu anisamehe. Ningeweza kuila ile chaki.

Baba alisoma. Akasoma tena. Akautoa ufunguo shingoni.

Ilikuwa Jumamosi, wiki ya mwisho kabla ya Krismasi, gulio limeanza kujaa, watu wanapanga matunda ya plamsi kwenye matenga. Mama alishika mpini. Baba akapiga magoti na ile fimbo ya mkahawa, akaweka ncha moja kwenye kikombe cha chuma. Nikasubiri aweke nyingine sikioni nione itakavyomsaidia. Hakuiweka sikioni. Aliing'ata kwa meno.

"Masikio yamekufa, mifupa haijafa," alisema, fimbo ikiwa mdomoni. "Sukuma, mama Rehema."

Bado wanamwita mama Rehema. Hata hilo niandike, maadam nimeanza.

Mama akasukuma. Mzunguko wa kwanza, wa pili, wa tatu. Wanyama wakapita juu ya kichwa cha Baba, na yeye amefumba macho kama wewe ulivyofumba siku ya mbuzi. Sikusikia kugonga. Sikusikia kitu chochote, unanijua, mimi husikia kinazunguka tu. Kisha akaitoa fimbo mdomoni.

"Hii si ya Rehema."

Nikajua imekwisha. Nilitazama ule mnyororo chini nikawaza nani ataufunga, mimi au yeye.

"Rehema alikuwa anaacha nafasi," alisema. Hakuwa ananiangalia, alikuwa anasema na shafti. "Hii inabana. Hii ni ya Naomi."

Akapitisha kiganja kwenye chuma.

"Itajilegeza yenyewe kufika Pasaka. Ni nzuri."

Rehema, nina miaka thelathini na minane. Jina langu nimeitwa gulioni, kanisani, mashambani, nimeitwa kwa upole na kwa matusi. Sijawahi kulisikia kama nilivyolisikia pale, na amelitaja kwa kosa langu, lile lile la kukaza. Nilisimama mbele yake ili asome mdomo wangu, maana chaki ilikuwa mbali na nisingeweza kungoja.

"Baba, ile ya Rehema niliichoma."

Alinitazama. Mama aliachia mpini.

"Najua," alisema. "Nilikula makande yake."

Alijinyanyua kwa kushikilia mhimili, akajipangusa magoti, akaonyesha wanyama kwa ile fimbo.

"Aliyekaza apande."

Nilikwenda moja kwa moja kwa ng'ombe. Sikufichi. Miguu ilinipeleka kabla sijafikiri, nikamshika pembe. Rangi ya pembe imechubuka pande mbili, pale vilipokaa viganja vyako, na nilipoweka vyangu havikukaa pale pale. Una viganja vidogo. Miaka yote hiyo sikujua una viganja vidogo. Nikamwachia, nikazunguka, nikampanda kinyonga wangu, na macho yake moja Mombo moja Lushoto. Nilikaa nikisubiri Mama asukume. Hakusukuma. Alikuwa anamtazama Baba.

Baba alikuwa ameweka fimbo chini. Alikuja polepole mpaka upande wa pili, akamshika ng'ombe pembe, akainua mguu wake mbovu kwa mkono, akapanda. Mzee wa miaka sabini na nane, na koti lake la kanisani.

"Chombo kikae sawa," alisema.

Mama alisukuma akilalamika kwamba tumenenepa wote wawili. Watu waliacha plamsi zao wakaja kwenye uzio. Tulipoanza kupaa nilimwona Baba ng'ambo ya mhimili, pale ulipokuwa unakaa, na alikuwa ananitazama mimi. Mizunguko yote mitatu alinitazama mimi. Ndipo nikawaza kitu ambacho sikuwahi kukiwaza, kwamba ukiwa kwa ng'ombe huoni kitu kingine mbele yako ila kinyonga na aliyempanda. Ulikuwa unaniona mimi, dada. Utoto wote ule ulikuwa unaniona mimi. Na chombo kiliposhika kasi nikajisikia napaza sauti kwa mtu asiyesikia, "Baba, shika vizuri!" Alikuwa ameshika.

Leo watoto wamepanda tangu asubuhi. Mtu wa chuma chakavu ameandikiwa asije. Mama amepata kigoda cha duka, anasema kinamfinya. Kinyonga bado hana mtu, kwa hiyo ng'ombe akipandwa mimi nakwenda kukaa, na karoti zangu namwachia jirani.

Wivu haujaniisha, nisikudanganye. Uliitwa sikio miaka thelathini, mimi nimetajwa mara moja. Lakini nikifika Mnazi mwezi ujao kupalilia kaburi lako, nitakuletea kile kipande kilichobaki cha kinu, kidogo kama kiganja chako, nikakiweke kichwani pako mahali pa kile nilichokuchomea. Nimekichonga tundu katikati. Nimeacha nafasi, ukucha unapita. Nilijaribu tena, kwako nikaweza.

Shika vizuri huko, dada.

Mdogo wako wa upande wa pili,
Naomi